Nywila Isiyotunzwa Haiibiwi

Anayesimika wiki, yaani tovuti inayohaririwa na watumiaji wake, kwenye seva yake mwenyewe huanza na swali la nani aingie na nani azuiwe. Hilo ni jepesi: katika programu ya wiki ya MediaWiki, mistari michache ya mipangilio inatosha kuwazuia wasiojisajili wasihariri kurasa. Zito ni lile lisiloulizwa, nalo ni hili: faili la watumiaji likiangukia mikononi mwa mwizi, atakuta nini ndani yake?

Si swali la kuahirisha, kwa maana faili la siri huvuja hata pasipo mwizi. Mwaka 1966, katika chuo cha MIT, Marekani, mafaili mawili ya CTSS, mfumo wa kompyuta uliotumiwa na watu wengi kwa pamoja, yalichanganywa kwa hitilafu ya programu, na kila aliyeingia akaoneshwa nywila za watumiaji wote mahali pa tangazo la siku. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walieleza dawa iliyotumika katika mfumo endeshi wa Unix: seva isitunze nywila, itunze alama inayokokotolewa kutoka kwayo kwa hesabu isiyorudishwa nyuma. Kabla ya hesabu huongezwa “chumvi”, yaani herufi za nasibu, ili wawili wenye nywila moja wawe na alama tofauti. Tena hesabu yenyewe iwe ya polepole, kwa makusudi. Sharti hili la mwisho hupuuzwa mara nyingi. Alama zilizoibwa LinkedIn mwaka 2012 hazikuwa na chumvi na zilikokotolewa upesi, na nyingi zilivunjwa. Hesabu za polepole kama bcrypt ya 1999, na Argon2 iliyoshinda shindano la hesabu za nywila mwaka 2015, humwezesha msimamizi kuongeza uzito wa hesabu kadiri kompyuta zinavyozidi kasi.

Wiki ya watu kumi, atasema mtu, nani ataihangaikia? Mwizi hana haja na kurasa zenu. Anatafuta nywila ambayo mmoja wenu anaitumia pia kwenye barua pepe. Na hesabu nzito haiichoshi seva ndogo? Mtumiaji halali huilipia sehemu ya sekunde anapoingia, basi. Anayebahatisha mara bilioni huilipia mara bilioni. Kulazimisha nywila ibadilishwe kila baada ya miezi mitatu hakuzibi pengo: mwaka 2017 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilishauri desturi hiyo iachwe, maana Simba1 huwa Simba2.

Wenye hoja nzito zaidi husema utambuzi wote uachiwe Google, seva isitunze hata alama. Nakubali, ila intaneti ikikatika, wiki iliyo chumba cha pili haitafunguka. Kwa hiyo akaunti moja ya msimamizi ibaki ndani, na alama yake iwe ya Argon2.