Kobe wa Papert na Roboti ya Dola Kumi

Wale wanaodhani kwamba kufundisha sayansi kwa roboti ni anasa ya mataifa yenye mali, isiyozifaa skuli ambazo hata maabara hazina, wayatazame yaliyotokea mwaka 2012, Bibi Ayorkor Korsah wa chuo cha Ashesi, Ghana, na Ken Goldberg wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipowaalika wabunifu wa ulimwengu mzima watengeneze roboti ya kufundishia ya takriban dola 10. Miongoni mwa washindi alikuwamo Thomas Tilley, mkaazi wa Thailand, aliyetwaa kidhibiti cha michezo ya kompyuta, akazifanya zile mota mbili zinazokitikisa mikononi mwa mchezaji ziendeshe magurudumu, kisha juu ya vijiti vyake viwili akachomeka pipi za kijiti. Roboti ikigonga ukuta, uzito wa pipi huvilaza vijiti, na kompyuta ikatambua kwamba njia imezibwa. Gharama yake haikutimia dola 9.

Fikra yenyewe ya kufundisha kwa roboti ni ya zamani. Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, aliyefanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, bingwa wa ilimu ya akili za watoto, alishirikiana na Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon mwaka 1967 kutunga lugha ya kompyuta iitwayo Logo, ambayo baadaye ilimwongoza kobe wa mashine, mwenye kalamu, atambaaye juu ya karatasi sakafuni na kuacha mstari kila apitapo.

Mwambie mtoto amwamuru kobe huyo achore pembetatu ya pande sawa. Kwa kuwa amefundishwa kwamba kila pembe yake ni nyuzi 60, atamwambia aende hatua 100, ageuke nyuzi 60, na arudie hivyo mara tatu. Na kobe, asiyejua ila kutii, atachora nusu ya umbo la pande sita na kusimama. Hapo hapana kalamu nyekundu wala kicheko cha wenziwe: pana mstari tu, na mtoto ameinama akiutazama. Akitembea mwenyewe mwendo wa kobe, atabaini kwamba kinachogeuka si pembe ya ndani bali uso wa mwendaji, na kwamba mwenye kulizunguka umbo hilo hata akarudi alikoanza, akielekea kule kule, hana budi awe amegeuka nyuzi 360 kamili; zigawe kwa tatu, upate 120. Kanuni hiyo wengi wetu tuliihifadhi kwa ajili ya mtihani tu. Yeye ameipata kwa miguu yake.

Vyuoni somo huzidi ukali. Karatasini, magurudumu mawili yaliyopewa umeme sawa huenda sambamba. Lakini roboti ya kweli hupinda, maana hapana mota mbili zilizo sawasawa, betri hudhoofu, na sakafu ina vumbi. Mwanafunzi hulazimika kuipima mizunguko na kuisahihisha programu kwa kadiri ya kosa lionekanalo, na hiyo ndiyo ilimu ya udhibiti iongozayo ndege angani.

Ndiyo maana naziomba wizara zetu, kabla ya kuagiza seti za thamani ambazo aghalabu hufungiwa kabatini zisije zikaharibika, ziwaulize mafundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, na wa Luthuli, Nairobi, bei ya mota kuukuu, na ziwape walimu muda na fedha za kujifunza kuzifungua na kuziunga, ili kila mtoto awe na chake cha kushika, badala ya darasa zima kumzunguka mmoja anayebonyeza.