Kitabu cha baba, franga za wengi

Kijana mumoja wa Kolwezi, mtoto wa mufanyakazi wa zamani wa Gécamines, anachimba muchana na usiku anachora. Mu daftari yake kuna kurasa makumi sita: kamyo ya kazi asubuhi, mufuko wa unga wa posho, kisha ile Départ volontaire ya 2003 na 2004, wakati zaidi ya wafanyakazi 10,000 walisaini na kurudi nyumbani. "Bazee banaenda mumoja mumoja," aliniambia. "Kama hakuna kitabu, batoto yetu batajua nini?"

Kuchapa kunaomba dola. Alitaka kukopa kwa négociant anayenunua mawe yake. Nilimukataza. Deni ya négociant utailipa na mugongo, na bei ya mawe atapanga yeye.

Njia ingine ni kuomba bantu wengi, kila mutu kidogo. Kwa Kifaransa banaita financement participatif, lakini siye tunaijua tangu zamani: kilio kikifika mu avenue, kila nyumba inatoa. Si sawa na likelemba. Kule zamu yako ikifika unapokea zako. Huku unatoa kwa kitu ambacho hakijazaliwa.

Huko Marekani, mwaka 1885, Sanamu ya Uhuru, zawadi ya Wafaransa, ilikosa pa kusimama, kwa sababu franga za musingi zilikuwa zimepunguka. Sanamu yenyewe imevikwa mabati ya shaba. (Si ya kwetu: kiwanda cha Lubumbashi kilianza kuyeyusha mwaka 1911.) Joseph Pulitzer, mwenye gazeti The World, aliahidi kuandika jina la kila mutu atakayetoa, hata senti moja. Kwa miezi karibu mitano, bantu zaidi ya 120,000 walitoa zaidi ya dola 100,000. Wengi hawakufikisha dola moja. Mutu alinunua gazeti atafute jina lake, na Pulitzer hakuchukia kuuza magazeti.

Nilimwambia kijana: hapo njo siri yote. Andika majina kwenye kurasa za mwisho. Anayetoa bei ya kitabu, umuwekee kitabu chake. Taja kiasi unachohitaji na siku ya mwisho, na mu hesabu usisahau makato ya kutoa franga mu telefone, wala nauli ya kufikisha vitabu Likasi na Lubumbashi. Hapo njo wengi banaanguka: franga za kuchapa zinapatikana, vitabu vinalala kwenye depo.

Kickstarter, iliyoanza mwaka 2009, ina sheria moja nzuri: kiasi kisipofika, hakuna anayekatwa kitu. Ikifika, wao wanachukua asilimia 5. Lakini Kongo haimo kwenye orodha ya nchi ambazo mwenye mradi anaweza kufungua mchango. Kwetu kuna M-Pesa, Airtel Money, Orange Money, na hakuna wa kurudisha franga isipokuwa weye mwenyewe. Sheria ile lazima uibebe kwa mikono yako.

Na hapa kuna shida. Franga zikikaa mu telefone yako, mutoto akigonjwa usiku, mukono unaingia. Si wizi, ni maisha, lakini kitabu kinakufa. Mimi mwenyewe niliwahi kutoa dola 10 kwa disque ya kwaya moja. Nangoja mpaka leo. Kwa hiyo asiyechora njo ashike franga, na kila juma orodha isomwe mbele ya wote: nani ametoa, ngapi.

Mama anayetunza likelemba ya avenue yao amekubali kuzishika. Aliuliza neno moja tu: mu kitabu, ataandikwa kwa jina ya bwana wake, ao kwa jina yake mwenyewe?