Nyumba za Kale za Ujiji na Kigoma

Mtu ashukaye katika gari la moshi Kigoma hukiona kwanza kituo chenyewe, jengo kubwa la orofa lenye matao upande wa chini. Akishika njia ya Ujiji, mwendo wa kilomita 8 hivi, hukuta nyumba za namna nyingine kabisa: za chini, kuta za udongo, na baraza mbele. Kwa nini miji iliyo jirani hivi isifanane? Ni kwa sababu kila namna ya nyumba ilikuja kwa njia yake.

Waha wa zamani walijenga misonge. Katika msonge ukuta na paa ni kitu kimoja: fito huchomekwa ardhini kwa duara, huinamishwa na kufungwa pamoja kileleni, kisha huezekwa nyasi. Mvua ya huku ni nyingi, lakini juu ya msonge haipati pa kutuama.

Katika karne ya 19 wakaja wafanya biashara Waarabu na Waswahili kwa njia ya Bagamoyo na Unyanyembe. Nao wakajenga tembe, nyumba ya pembe nne, yenye kuta nene na paa bapa la boriti, fito na udongo ulioshindiliwa. Tembe haishiki moto upesi, na ndani yake mna baridi wakati wa jua kali. Aibu yake ni maji. Yafaa sana Ugogo, ambako mvua ni haba. Kando ya ziwa udongo wa paa hulowa, ukavuja. Burton na Speke walipofika Februari 1858 walipewa tembe ya mfanya biashara Mwarabu, nayo ilikuwa imechakaa. Dr. Livingstone naye alikaa katika tembe, na barazani pake ndipo alipoketi kuzungumza na Stanley mwaka 1871. Nyumba hiyo haipo tena; mahali pake pana ukumbusho na miembe.

Tembe zilitoweka, ila baraza ilibaki, na sisi twaona ndicho kitu bora kuliko vyote katika nyumba ya Ujiji. Nyuma yake huja ukumbi, vyumba kuume na kushoto, na mwisho ua, mahali pa kupikia. Mgeni hukaribishwa barazani, akanywa maji na kusema haja yake, wala waliomo ndani hawasumbuliwi. Jirani hupita, husalimu, huketi. Mpango huu ni wa pwani, uliosafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu.

Wadachi hawakuja na baraza. Reli waliyoianza Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Kigoma Februari 1914, nao wakajenga kwa mawe na chokaa. Matao yao si pambo tu. Hutia kivuli na kupitisha upepo. Ipo pia nyumba kubwa iitwayo ya Kaisari, ambayo watu husimulia kwamba ilijengwa kumngojea mfalme wao. Hakuja kamwe. Vita vilianza Agosti 1914, na mwaka 1916 Wabelgiji wakautwaa mji.

Nyumba ya mawe huweza kungoja miaka mingi bila kutunzwa. Nyumba ya udongo haingoji: isipokandikwa kila baada ya masika, maji hula kuta chini, na mchwa hupanda katika boriti. Ndiyo maana majengo ya Wadachi yamesimama, na nyumba nyingi zilizofanya Ujiji ijulikane ulimwenguni zimerudi kuwa mavumbi, ijapokuwa mwaka 2006 serikali ilipeleka UNESCO jina la mji huo pamoja na vituo vingine vya njia ya misafara.

Mwenye nyumba akitaka kubomoa ajenge kwa saruji na mabati, hatuwezi kumlaumu. Ndiye alalaye chini ya paa livujalo. Lakini kabla ya kubomoa, wanafunzi wa hapo waombe ruhusa, waende na kamba na daftari. Wapime baraza na ukumbi, wahesabu vyumba, wachore mlango na miimo yake, waulize mti gani ulitumika, na nani aliujenga ukuta. Kazi hiyo yataka asubuhi moja tu.