AFYA YETU: Huruma Iende Pamoja na Kinga
Habari za masista wa Yambuku na Kikwit

Mtu akiugua kijijini, hatumwachi peke yake. Jirani mmoja huleta uji. Mwingine humfuta jasho. Mwingine humfulia nguo. Akifariki, ndugu humwosha na kumzika. Desturi hizi ni njema. Lakini yako magonjwa ambayo hupita katika mikono hiyo hiyo ya huruma. Ebola ni mojawapo.

Leo tutasoma habari za masista wa Kikatoliki waliotoka Ulaya wakaenda kufanya kazi Kongo. Waliishi na wananchi kwa miaka mingi. Ebola ilipofika, waliugua pamoja nao, na wengine walikufa pamoja nao. Habari zao zinatufundisha mambo mawili. Tusimkimbie mgonjwa, lakini pia tusimguse bila kinga.

SINDANO TANO ZA YAMBUKU

Yambuku ni kijiji kilichoko kaskazini mwa Kongo. Mwaka 1976 nchi hiyo iliitwa Zaire. Masista kutoka Ubelgiji walikuwa na hospitali hapo yenye vitanda 120. Hapakuwa na daktari. Masista na wauguzi wa Kongo ndio waliotibu wagonjwa, waliozalisha akina mama na waliogawa dawa. Watu walitoka mbali kwa miguu kwenda kutibiwa huko.

Mwishoni mwa Agosti 1976 alifika mwalimu mkuu wa shule ya misheni. Alikuwa na homa. Walidhani ni malaria, wakamchoma sindano ya klorokwini. Siku chache baadaye homa ilirudi kwa nguvu. Alitapika, akaharisha na kutokwa damu. Alifariki tarehe 8 Septemba. Baada yake waliugua watu wengine wengi.

Kwa nini ugonjwa ulienea upesi hivyo? Hospitali ilikuwa na vifaa vichache. Kila asubuhi wauguzi walipewa sindano tano tu. Sindano hizo tano zilitumika kwa wagonjwa wa siku nzima. Baada ya kumchoma mtu mmoja, sindano ilisuuzwa kwa maji ya vuguvugu, kisha akachomwa mwingine. Haikuchemshwa. Hivyo viini vya ugonjwa vilitoka katika damu ya mgonjwa vikaingia katika damu ya mtu mzima. Wanawake wajawazito waliokuja kliniki wakiwa na afya njema walichomwa sindano, wakarudi nyumbani na mauti.

Masista hawakujua. Nia yao ilikuwa njema, na kazi yao ilikuwa ya upendo. Lakini kiini cha ugonjwa hakiulizi nia ya mtu. Kinapita penye njia.

Masista wenyewe waliugua, na baadhi yao wakafa. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali hiyo, 11 walikufa. Mwishoni mwa Septemba hospitali ilifungwa. Sindano zilipokoma, ugonjwa nao ulianza kupungua. Katika eneo lote waliugua watu 318. Kati yao 280 walikufa.

FAIDA YA KUANDIKA

Mwezi Oktoba wataalamu walifika Yambuku. Waliwakuta masista waliosalia wamezungusha kamba kwenye nyumba yao ili mtu yeyote asisogee. Walidhani na wao watakufa, na hawakutaka kumwambukiza mgeni.

Mmoja wa masista hao alikuwa ameandika habari za waliokufa. Maandishi yake yaliwasaidia wataalamu kujua ugonjwa ulikopita. Wataalamu walikwenda kijiji kwa kijiji na kuuliza maswali. Ndipo ilipojulikana kwamba wengi waliambukizwa hospitalini kwa sindano, au nyumbani kwa kuuguza na kuzika.

Wananchi nao walifanya jambo la busara. Wazee walikumbuka walivyojikinga na ndui zamani. Waliziba njia za vijiji vyao, watu wasitoke wala kuingia ovyo.

Ugonjwa huu mpya ulipewa jina la Ebola. Ebola ni jina la mto katika sehemu hizo. Wataalamu hawakutaka kuuita kwa jina la Yambuku, ili watu wa kijiji hicho wasitengwe na wenzao.

MASISTA SITA WA KIKWIT

Miaka 19 ilipita. Mwaka 1995 Ebola ilitokea Kikwit, mji mkubwa ulioko kusini-magharibi mwa nchi hiyo hiyo. Huko walikuwako masista wa Italia, wa shirika lililoanzishwa katika mji wa Bergamo mwaka 1869 kwa ajili ya kuwatumikia maskini.

Sista Floralba Rondi alifika Kongo mwaka 1952. Mwaka 1995 alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70, na bado alifanya kazi katika chumba cha upasuaji. Mwezi Aprili aliletwa mfanyakazi wa maabara aliyeumwa tumbo. Waganga walidhani utumbo wake umetoboka. Wakampasua. Kumbe alikuwa na Ebola. Waliogusa damu yake waliambukizwa, na Sista Floralba alikuwa mmojawapo. Alifariki tarehe 25 Aprili. Wakati huo wengi walidhani ni ugonjwa wa kuhara damu.

Masista wenzake walikuwa wamemuuguza. Sista Clarangela Ghilardi, aliyekuwa mkunga, alifariki tarehe 6 Mei. Sista Danielangela Sorti alifariki tarehe 11 Mei. Sista Dinarosa Belleri alifariki tarehe 14 Mei. Sista Annelvira Ossoli, naye mkunga, alitoka Kinshasa akasafiri hadi Kikwit kuwasaidia wenzake. Alifariki tarehe 23 Mei. Sista Vitarosa Zorza naye alitoka Kinshasa kwa hiari yake. Alifariki tarehe 28 Mei. Wote sita walizikwa Kongo, kati ya watu waliowatumikia.

Tusiwasahau wauguzi na waganga wa Kongo. Wao pia hawakukimbia. Watumishi wa afya wapatao 80 waliambukizwa Kikwit, na wengi wao walikufa. Kwa jumla waliugua watu 315, na wapatao 250 walikufa.

NINI KILIUZIMA UGONJWA?

Wakati huo hapakuwa na chanjo, wala dawa ya kuua viini vya Ebola. Ugonjwa ulizimwa kwa mambo ya kawaida. Wagonjwa walitengwa katika wodi yao. Wauguzi walipewa mipira ya mikono, vitambaa vya kuziba mdomo na pua, na mavazi ya kujikinga. Waliojitolea katika Msalaba Mwekundu walizika maiti kwa usalama. Watu walielimishwa mitaani. Mwezi Agosti 1995 ilitangazwa kwamba ugonjwa umekwisha.

Sasa ipo chanjo ya aina ya Ebola iliyoua watu Yambuku na Kikwit. Zipo pia dawa za kutibu aina hiyo. Lakini Ebola ina aina zaidi ya moja, na chanjo hiyo haizuii zote. Kwa hiyo kinga ya mikono yetu bado ni ya kwanza.

NA SISI JE?

Usiseme, "Kongo ni mbali." Ugonjwa wa Marburg ni ndugu wa Ebola. Uliingia mkoani Kagera, Tanzania, mwaka 2023, na tena mwaka 2025. Nchini Uganda Ebola imetokea mara kadhaa.

Dalili huanza kati ya siku 2 na siku 21 baada ya mtu kuambukizwa. Kwanza huja homa ya ghafla, maumivu ya kichwa, misuli na koo, na uchovu mwingi. Kisha huja kutapika na kuharisha. Wengine hutokwa damu, lakini si wote. Kwa hiyo usingoje kuona damu.

Ugonjwa huu hauenei hewani kama mafua. Mtu huupata kwa kugusa damu, matapishi, kinyesi, mkojo, jasho au mate ya mgonjwa, au nguo na matandiko yake. Maiti huambukiza sana. Mnyama wa porini aliyeugua au kufa, kama popo, nyani au sokwe, huweza pia kuambukiza.

Basi tufanye hivi:

1. Mtu akiwa na dalili hizi, toa habari mara moja kwa mhudumu wa afya, kwa mwenyekiti wa kijiji au kwenye zahanati. Usimfiche mgonjwa.

2. Mweke mgonjwa chumba chake. Mtu mmoja tu amhudumie mpaka msaada ufike. Asiguse majimaji ya mgonjwa kwa mikono mitupu. Mpeni chakula, maji na maneno ya faraja.

3. Nawa mikono kwa sabuni na maji mara nyingi. Sabuni huua viini hivi.

4. Mtu akifa kwa ugonjwa unaotiliwa shaka, msimwoshe wala kumgusa. Waiteni watumishi wa afya waliofundishwa. Simameni mbali kidogo, mwombeeni, na mmuage kwa heshima.

5. Usikubali kuchomwa sindano iliyokwisha kutumika. Iwe mpya, na ifunguliwe mbele yako. Usichomwe sindano na mtu anayepita nyumba kwa nyumba. Kama mganga anasema vidonge vinatosha, meza vidonge.

6. Usiokote mzoga wa mnyama wa porini.

7. Aliyepona mpokeeni. Msimtenge kwa maneno ya mtaani. Fuateni ushauri wa mganga wake.

Ndugu msomaji, masista wale waliwapenda wagonjwa mpaka mwisho. Sisi tuliobaki tunajua jambo ambalo wao hawakulijua mapema. Tumpende mgonjwa, na tunawe mikono. Tumlilie marehemu, na tusimguse. Mwenye kujikinga hamkatai mgonjwa. Anabaki hai ili amhudumie na kesho.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini sindano tano za Yambuku zilileta vifo vingi?
2. Maandishi ya yule sista yaliwasaidiaje wataalamu?
3. Ni desturi gani za kuuguza na kuzika kijijini kwetu zinazoweza kueneza ugonjwa? Tutazifanyaje kwa usalama bila kumvunjia marehemu heshima?
4. Mtu akiugua ghafla usiku, nani apewe habari kwanza hapa kijijini? Andika jina lake na mahali anapokaa, ubandike ukutani.