Fimbo ya Baba, Mkono wa Mtoto



Katika Injili zote nne ndoana inatajwa mara moja tu. Ni pale Mtakatifu Petro, mtu wa nyavu, alipotumwa kwenda kutupa ndoana, naye akaambiwa atamkuta samaki mwenye fedha kinywani ya kulipia kodi ya Hekalu. Hatuambiwi kama alikuwa na fimbo ya kuvulia au mshipi mtupu mkononi. Mimi leo nataka kusema juu ya fimbo, tena juu ya mpini wake, kwa sababu jambo hilo dogo lilitaka kuleta maneno nyumbani kwetu, huku kandokando ya Ziwa Viktoria.

Marehemu kaka yangu aliacha vitu vichache: baiskeli, jembe na fimbo ya kuvulia aliyoinunua dukani Mwanza. Si ufito wa mwanzi kama ile tuliyoizoea. Imetengenezwa kwa nyuzi za kioo, ina uwazi ndani kama bomba, na ina rili, yaani kile kigurudumu kinachokunja mshipi. Mpini wake umevikwa gome jepesi kama lile la kizibo cha chupa. Kutoka kwenye rili hadi kitakoni mpini ulikuwa na urefu wa sentimeta 48. Kaka alikuwa mtu mrefu, akirusha kwa mikono miwili, na kwake ulikuwa sawasawa kabisa.

Mwanawe ana miaka 12. Alipoishika, kitako kilimchoma ubavuni, kikanasa katika shati, na kila alipotaka kurusha alilazimika kupinda mwili kama mtu anayekwepa nyuki. Chambo kiliangukia miguuni pake. Siku mbili alirudi mikono mitupu, siku ya tatu hakwenda. Nayo ilikuwa Kwaresima, na Ijumaa katika nyumba ile samaki hutoka ziwani, si dukani.

Jirani mmoja akashauri tukate ncha, ili fimbo nzima iwe fupi. Hapana! Ncha ndiyo inayopinda samaki anapovuta, na kule kupinda kwake ndiko kunakouponya mshipi usikatike. Ukiikata, fimbo yakakamaa kama mchi, tena umepoteza ile pete ya mwisho inayopitisha mshipi. Mwenye shida ni mkono, kwa hiyo panapofaa kuguswa ni mpini.

Lakini nilipoleta msumeno, shemeji alisimama mlangoni. “Shemeji, hicho ndicho alichokishika mwenzangu kila siku. Nanyi mwataka kukikata?” Nikauweka msumeno chini. Sikuwa na jibu, na jibu la haraka lingekuwa baya kuliko kunyamaza.

Jioni ile nikafikiri tena. Fimbo ina uwazi ndani. Basi kipande kitakachokatwa chaweza kurudishwa siku moja: unachonga kijiti kigumu kinachoingia kwa kubana katika matundu yote mawili, unapaka gundi, unaunganisha. Sharti moja tu, kipande kisipotee wala kisipasuke. Nilipomweleza shemeji hivyo, alikaa kimya kitambo, kisha akauliza kipande kitakaa kwa nani. Nikasema kwake. Akasema, “Kateni, ila nikiwapo.”

Kwanza tulipima. Tulichukua urefu kutoka kiwiko cha kijana hadi ngumi yake iliyofumbwa, tukaongeza upana wa vidole viwili. Tukapata sentimeta 32. Lakini kipimo cha kamba si kipimo cha kazi. Kabla ya kukata nilimwambia ashushe mkono chini ya rili, ashike mahali palipobakiza sentimeta 32 nyuma ya ngumi, arushe bila chambo uwanjani. Kitako hakikumgusa tena. Jaribio hili halina gharama, nami namsihi kila mzazi alifanye, kwa maana ukikata kidogo utakata tena, lakini ukikata mno, kurudisha ni kazi ya fundi.

Kisha tuliitoa ile kofia ya mpira iliyoko kitakoni, taratibu, kwa maji ya moto. Tukazungushia utepe wenye gundi mahali pa kukatia, tukachora alama juu yake. Msumeno uwe wa meno madogo, ule wa kukatia chuma. Usikate kwa kushuka moja kwa moja kama unakata kuni. Kata kidogo, zungusha fimbo, kata tena, mpaka mikato ikutane. Nasema hivi kwa sababu zamani nilipasua mwanzi mzuri wa mtu kwa haraka yangu, na mwenye mwanzi bado ananikumbusha. Vumbi la nyuzi za kioo huwasha ngozi, tena ni baya likiingia mapafuni. Kwa hiyo tulilowesha mahali pa kukatia, tukajifunga kitambaa puani, na watoto wadogo wakaondolewa. Kijana alisugua ukingo kwa msasa uliolowa, akairudisha kofia kwa gundi.

Kwa wenye fimbo za mwanzi kazi ni nyepesi zaidi. Kata chini kidogo ya fundo, ili fundo lenyewe lizibe na maji yasiingie. Funga uzi kabla ya kukata, kisha paka nta. Usiparure ganda la nje, maana humo ndimo zimo nguvu za mwanzi.

Tulidhani tumemaliza, kumbe bado. Kijana alilalamika kwamba ncha imekuwa nzito. Haikuwa nzito, kitako ndicho kilichopungua uzito. Waliosoma habari ya wenzo shuleni watakumbuka: mkono ndio egemeo, na ukipunguza upande mmoja, upande wa pili huinama. Tukaitoa kofia tena (ningalifikiri mapema, gundi isingalipotea), tukatia nati mbili zilizofungwa katika kitambaa zisigongane, tukafunga. Fimbo ikatulia mkononi mwake. Ni kweli kwamba mtu mzima akiishika sasa hatapata nguvu ile ya kurusha mbali kwa mikono miwili. Hilo tumelipoteza kwa muda.

Ijumaa iliyofuata alikwenda mwambani pamoja nami. Mara ya kwanza mshipi ulijifunga, mara ya pili chambo kililiwa. Kabla jua halijawa kali alikuwa na sato wawili, mmoja wa kadiri na mmoja mdogo, akamrudisha yule mdogo majini bila kuambiwa. Mama yake alimpokea yule mmoja pasipo neno, akaingia jikoni. Baadaye nilimsikia akiimba.

Kipande cha sentimeta 16 kimefungwa katika kitambaa cheupe, kimechomekwa darini juu ya mlango. Kila Jumapili baada ya Misa kijana hukishusha, hunyosha mkono juu ya meza, hukiweka mbele ya ngumi yake, na kuniuliza, “Baba mdogo, bado?”

Bado. Lakini tangu Pasaka mkono umeongezeka upana wa kidole kimoja.