Kimbunga na Upepo wa Molo

Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili, mzaliwa wa Molo wilayani Tororo, aliandika katika insha yake kwamba kimbunga kiliezua paa la shule aliyosomea. Nilitia alama ya kuuliza pembeni. Alipokuja ofisini akaniuliza, "Mwalimu, kwani nimekosea ngeli?" Hakukosea ngeli. Nilichokitilia shaka ni neno lenyewe, na kwa kuwa si yeye peke yake anayelitumia hivyo, nimeonelea tulijadili katika toleo hili.

Kinachoezua mabati huku kwetu mpakani, kuanzia Molo hadi Busia, kwa kawaida ni upepo wa dhoruba ya radi. Wingu zito la alasiri hushusha hewa baridi kwa kishindo, hewa hiyo ikifika chini husambaa pande zote, na baada ya muda mfupi mambo yamekwisha. Ule upepo mwembamba unaozunguka na kuinua vumbi uwanjani ni chamchela. Kimbunga wanachokitaja wataalamu wa hali ya hewa huzaliwa baharini, penye maji ya joto la nyuzi 26 au zaidi. Huweza kutanda mamia ya kilomita na kuishi siku kadhaa. Katika Bahari ya Hindi ya kusini-magharibi, dhoruba hupewa daraja hilo upepo wake ukifikia kilomita 118 kwa saa.

Joto la maji peke yake halitoshi. Mzunguko wa dunia ndio unaoupinda upepo hadi ukazunguka, na nguvu hiyo hufifia kadiri unavyoikaribia Ikweta. Kwa hiyo Mombasa, iliyo nyuzi 4 kusini, ina kinga kubwa ya kimaumbile. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7, Mtwara nyuzi 10. Vimbunga vingi huelekea Madagaska na Msumbiji, kisha hupinda kusini. Pwani ya Tanzania basi imekaa ukingoni, upande wa kaskazini wa eneo la vimbunga. Lakini ukingoni si nje.

Tazama tarehe. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzamisha vyombo bandarini, zikiwemo merikebu za Sultani Barghash. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ikaipiku Unguja kwa karafuu. Kingine kiliipiga Lindi Aprili 1952. Kenneth kilitua kaskazini mwa Msumbiji tarehe 25 Aprili 2019, jirani kabisa na Mtwara. Jobo kilififia kikiikaribia Dar es Salaam Aprili 2021. Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. (Hidaya kwa Kiswahili ni zawadi; sijui wavuvi wa Mafia waliipokeaje.) Vyote hivyo vilikuja Aprili au mwanzoni mwa Mei, majira ambayo mabaharia wetu huyaita tanga mbili, kaskazi ikiisha na kusi ikianza. Mwalimu anayefundisha msamiati wa pepo asiliruke neno hilo.

Hidaya kilikuwa kimepungua nguvu kilipotua, hata hivyo boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimama na mvua zake zilikata barabara ya kusini huko Kilwa. Sasa fikiria kimbunga kisichopungua kikilenga Dar es Salaam, jiji lililohesabiwa watu zaidi ya milioni 5 katika sensa ya 2022, ambako bonde la Msimbazi hufurika hata kwa mvua za masika za kawaida. Onyo la redio litatumia neno kimbunga. Msikilizaji aliyezoea kuliita hivyo kila vumbi la uwanjani atalisikia kama habari ya jana, afunge dirisha, alale.

Nasi wa bara hatuko mbali sana. Mwaka 2019 masika yalichelewa Afrika Mashariki, na wataalamu walihusisha jambo hilo na kimbunga Idai, kilichovuta unyevu kuelekea Msumbiji wakati wakulima wakingoja kupanda.

Mwanafunzi wangu amekwisha kusahihisha: "Upepo wa dhoruba uliezua paa la shule." Nimempa alama yake. Ngeli ya upepo, bahati nzuri, aliijua.