Nasaba na Siri za Walio Hai

Shajara ya nasaba haina mwenyewe mmoja: anayetangaza yake hutangaza na ya jamaa zake. Mwaka 2023 wadukuzi waliingia katika akaunti zipatazo 14,000 za kampuni ya 23andMe ya Marekani, ipimayo vinasaba. Kwa kuwa wateja waliweza kuonana na jamaa zao humo, zikafichuka habari za watu wapatao milioni 6.9. Basi mtafiti aandike waliofariki. Walio hai asiwataje majina wala tarehe za kuzaliwa ila kwa idhini yao. Na marehemu nao wana wajukuu. Zanzibar, ambako hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897, kutangaza kwamba babu wa fulani alikuwa mtumwa kwaweza kumvunjia heshima mjukuu. Yeye naye aulizwe kwanza.